Uchambuzi: ‘Otofajia’ ni nini, na kwa nini mgonjwa wa kisukari asiache chakula na dawa kwa sababu ya neno hili

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, yawe ya familia, ya vikoba, ya kanisani, ya msikitini au ya wakulima. Maneno hubadilika kidogo kutoka simu moja hadi nyingine, ila kiini chake ni kile kile. Unasema Mjapani mmoja alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kwamba ukikaa saa 16 bila kula, mwili unaanza kitu kinachoitwa otofajia. Hapo, unasema ujumbe, mwili unakula seli zake zenye ugonjwa, na saratani, kisukari, presha na vidonda vya tumbo vinaondoka vyenyewe. Mara nyingi mwishoni huongezwa kwamba madaktari wanalijua hilo lakini wananyamaza ili waendelee kuuza dawa.

Ndugu msikilizaji, ujumbe huu unashika watu kwa sababu si uongo mtupu. Mjapani yupo, tuzo ipo, na neno otofajia ni neno halali la sayansi. Uongo umeingizwa katikati ya mambo hayo matatu ya kweli. Mtu anayetumia sindano ya insulini au vidonge vya kushusha sukari akiufuata kama ulivyo, anaweza kupoteza fahamu kabla jua halijatua. Ndiyo maana leo tunalichambua neno hili polepole: lilitoka wapi, lina maana gani kwa wanaolitumia kazini, na limebadilikaje lilipofika kwenye simu zetu.

Neno lenyewe

Otofajia limetoka kwenye maneno mawili ya Kigiriki. La kwanza linamaanisha “mwenyewe”, na ndilo tunalolisikia kwenye neno otomatiki, yaani kitu kinachojiendesha. La pili linamaanisha kula. Ukiyaunganisha unapata “kujila mwenyewe”.

Aliyelipendekeza neno hilo ni Christian de Duve, mwanasayansi wa Ubelgiji, katika mkutano wa wataalamu uliofanyika London mwaka 1963. Miaka michache kabla ya hapo yeye na wenzake walikuwa wamegundua kwamba ndani ya seli kuna vifuko vidogo vyenye vimeng’enya, na kazi ya vifuko hivyo ni kuvunjavunja vitu. Vifuko hivyo viliitwa laisosomu. De Duve alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1974, pamoja na Albert Claude na George Palade, kwa kazi ya kueleza jinsi seli ilivyopangwa ndani.

Kabla hatujaendelea, tukumbushane seli ni nini. Wengi tulifundishwa shuleni kwa jina la chembe hai. Mwili wa mtu, wa ng’ombe na wa mhindi shambani umejengwa kwa chembe hizi, ndogo kiasi kwamba huwezi kuziona kwa macho. Kila seli ina vyombo vyake vya ndani: vya kutengeneza protini, vya kuzalisha nguvu, vya kuhifadhi, na vya kuvunja taka.

Hapa ndipo panapotokea kosa la kwanza la ule ujumbe. Otofajia haimaanishi mwili kula seli nzima zenye ugonjwa. Inamaanisha seli moja kula sehemu zake zenyewe za ndani zilizochakaa au zisizohitajika, na seli hiyo kubaki hai. Kitendo cha seli nzima kufa kwa mpangilio kina jina lake jingine, apoptosisi. Ni mambo mawili tofauti, na ujumbe umeyachanganya.

Inafanya kazi vipi

Fikiria fundi baiskeli wa kijijini mwenye baiskeli mbovu mbili au tatu nyuma ya banda lake. Spea zikiwapo dukani, hana haja ya kuzigusa sana. Barabara ikikatika kwa mvua na mzigo usipofika, anafungua ile mbovu, anatoa mnyororo, anatoa pedeli, anatoa spoki zilizo nzima, na anaendelea kuwatengenezea wateja. Baiskeli mbovu imepungua, lakini kazi haijasimama.

Seli inafanya karibu hivyo. Ndani yake hutokea utando mwembamba unaoanza kujikunja kuzunguka kipande kilichochakaa, hadi unakuwa kama mfuko uliofungwa pande zote. Mfuko huo unakwenda kuungana na laisosomu, kile kifuko chenye vimeng’enya. Kilichomo kinavunjwa kuwa vipande vidogo vya msingi, na vipande hivyo vinarudishwa kutumika upya, ama kujengea au kutoa nguvu.

Kazi hii haingoji saa 16. Inaendelea ndani ya mwili wako sasa hivi unaposoma, hata kama umetoka kula ugali na maharage, kwa sababu vitu vya ndani ya seli huchakaa kila siku. Ni kweli kwamba chakula kinapokosekana kasi yake hupanda. Katika panya wa maabara imeonekana pia kupanda kutokana na mazoezi ya kukimbia. Kwa hiyo uhusiano kati ya njaa na otofajia ni wa kweli. Swali ni kama uhusiano huo unatosha kumwambia mgonjwa aache kula na aache dawa.

Yule Mjapani aligundua nini hasa

Jina lake ni Yoshinori Ohsumi. Alizaliwa mwaka 1945 huko Fukuoka, Japani. Mwaka 1988 alifungua maabara yake ndogo katika Chuo Kikuu cha Tokyo na kuanza kuchunguza kitu ambacho mama ntilie yeyote anakifahamu: hamira. Ndiyo, ile ile inayoumua unga wa maandazi na mikate. Hamira ni kiumbe hai chenye seli moja tu, kwa hiyo ni rahisi kuichunguza.

Ohsumi alichukua hamira ambayo vimeng’enya vyake vya kuvunja taka vilikuwa na kasoro, akainyima chakula, kisha akaitazama kwa darubini. Baada ya saa chache kile kifuko cha ndani kilijaa mipira midogo midogo ya taka ambazo zilikuwa zimebebwa lakini hazikuweza kuvunjwa. Aliiona otofajia kwa macho yake. Kisha akafanya kazi iliyo ngumu zaidi: alitafuta ni jeni zipi zinazoiendesha. Mwaka 1993 yeye na mwenzake walichapisha orodha ya kwanza ya aina 15 za hamira zenye hitilafu katika kazi hiyo, na kutoka hapo jeni zake zikaanza kujulikana moja baada ya nyingine. Baadaye ilionekana kwamba jeni zinazofanana nazo zimo pia ndani ya binadamu.

Tarehe 3 Oktoba 2016 ilitangazwa kwamba Ohsumi amepata Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua jinsi otofajia inavyofanya kazi. Hakupewa tuzo kwa kuwafungisha watu. Hakupewa kwa kuponya saratani wala kisukari. Aliyekaa na njaa katika majaribio yale ni hamira.

Hilo halipunguzi heshima ya kazi yake. Kabla yake wanasayansi walijua kwamba kitu hicho kipo, lakini walikuwa kama watu waliokabidhiwa gari lililofungwa boneti. Yeye alifungua boneti. Ila mtu aliyekuonyesha injini hajakuambia bado uendeshe kwa kasi gani kwenye barabara ya kwenu.

Saa 16 zimetoka wapi?

Kwenye simu namba hii inatajwa kama vile imepimwa. Haijapimwa hivyo. Kwa panya wa maabara imeonyeshwa kwamba kukaa siku moja hadi mbili bila chakula kunaipandisha otofajia kwenye ini. Lakini panya ni mnyama mdogo, anachoma akiba yake haraka, na siku moja ya njaa kwake inamwondolea sehemu kubwa ya uzito wake. Huwezi kuchukua saa za panya ukamvalisha mtu mzima.

Kwa binadamu hakuna kipimo cha kawaida cha damu unachoweza kufanyiwa kliniki kikasema, sasa otofajia imeanza, au sasa imefika kiasi fulani. Kwa hiyo anayekuambia kwamba saa ya 16 ndiyo mlango unapofunguka anakuuzia namba isiyo na mzani. Na kama anakuuzia pia chai au vidonge vya “kuamsha otofajia”, muulize anapima kwa kutumia nini.

Utafiti wa kupunguza saa za kula upo, na tuuseme kwa haki. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Guangzhou, China, kwa watu 139 wenye unene uliopitiliza. Wote walipunguza kiasi cha chakula kwa miezi 12. Nusu yao waliambiwa pia wale kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Makundi yote mawili yalipungua uzito, na tofauti kati yao haikuwa kubwa kiasi cha kusema kubana saa ndiko kulikoleta nafuu. Kilichofanya kazi ni kula kiasi kidogo zaidi.

Kuhusu saratani, neno lina pande mbili

Hapa ujumbe unapotoka zaidi. Ni kweli kwamba otofajia inapofanya kazi vizuri inaweza kusaidia seli zisiharibike na kugeuka saratani. Lakini uvimbe ukishaota, seli za saratani nazo zinaweza kuitumia otofajia hiyo hiyo kuvumilia njaa, kukosa hewa na hata makali ya dawa.

Kwa sababu hiyo watafiti wa saratani katika nchi kadhaa wamekuwa wakijaribu kuizuia otofajia kwa wagonjwa, si kuiamsha. Na dawa wanayotumia katika majaribio hayo inatoka kwenye ukoo tunaoufahamu sana: ni hydroxychloroquine, ndugu wa klorokwini. Wazee wanaikumbuka klorokwini kwa uchungu wake na kwa kuwashwa mwili, kabla Kenya haijaiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001. Dawa za ukoo huo huzuia hatua ya mwisho ya otofajia, pale kifuko kinapotakiwa kuvunja kilichomo.

Sisemi hivyo ili mtu akatafute klorokwini. Majaribio hayo yanafanywa chini ya uangalizi wa madaktari, na hayajaigeuza kuwa tiba ya kununua dukani. Nasema hivyo ili uone kwamba wakati simu inakuambia “amsha otofajia uue saratani”, kuna wataalamu wa saratani wanaojaribu kuizima. Neno moja halitoshi kuwa ushauri wa tiba.

Mgonjwa wa kisukari ndiye aliye hatarini zaidi

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wazima milioni 24 katika ukanda wake wa Afrika walikuwa wanaishi na kisukari, na zaidi ya nusu walikuwa hawajapimwa wakajua. Wengi wa wanaojua wanaishi mbali na hospitali, wanapata dawa kwa shida, na wamechoka kumeza vidonge kila siku. Ujumbe unaosema “acha kula tu, utapona” unamkuta mtu wa namna hiyo akiwa tayari kuuamini.

Sasa angalia kinachotokea mwilini. Vidonge kama glibenclamide hulisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Insulini ya sindano nayo ikishaingia haiulizi kama umekula. Ukimeza au ukachoma dawa hizo kisha ukakaa mchana kutwa bila chakula, tena uko shambani na jembe, sukari inashuka kupita kiasi. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jingi la baridi, njaa kali, moyo kwenda mbio, kuona ukungu, kuongea ovyo kama mlevi, na mwisho kuzimia.

Mtu akionyesha dalili hizo na bado anaweza kumeza, mpe haraka sukari vijiko vitatu hadi vinne vya chai ndani ya maji, au soda ya kawaida yenye sukari. Akipata nafuu ale chakula. Kama amezimia usimmiminie kitu mdomoni, mlaze kwa ubavu na mkimbize kituo cha afya.

Wengine wanasema, basi niache dawa na chakula vyote kwa pamoja. Hilo nalo ni hatari. Kwa mtu ambaye mwili wake hautengenezi insulini kabisa, kuacha sindano kunaifanya damu ijae asidi. Atatapika, atapumua kwa nguvu na haraka, na anaweza kufa ndani ya siku chache hata kama hajala kitu chochote.

Tiba ya njaa kwa kisukari si jambo jipya lililofichwa na madaktari. Ilijaribiwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na waliojaribu walikuwa madaktari wenyewe. Kabla insulini haijapatikana, daktari Frederick Allen wa Marekani aliwapa wagonjwa wake chakula kidogo sana ili kuwaongezea siku za kuishi. Mmoja wao alikuwa binti Elizabeth Hughes, aliyeanza utaratibu huo mwaka 1919. Alipofikishwa Toronto, Kanada, mwaka 1922 kuanza insulini, alikuwa anakaribia miaka 15 na uzito wake ulikuwa karibu kilo 20 tu. Njaa ilikuwa imemchelewesha kufa, lakini haikumponya. Baada ya kupata insulini aliishi hadi mwaka 1981.

Upande wa pili nao usemwe. Kuna watu wenye kisukari cha aina ya pili wanaoweza kupata nafuu kubwa kwa kupunguza chakula. Katika utafiti uliofanyika Uingereza kwa watu 306, walioingizwa kwenye mpango wa chakula kidogo maalumu, karibu nusu yao, yaani asilimia 46, sukari yao ilirudi kwenye kiwango kisicho cha kisukari baada ya mwaka mmoja bila dawa. Lakini soma masharti yake. Walikuwa watu wenye uzito mkubwa, walikuwa na kisukari kwa muda usiozidi miaka sita, hawakuwa wakitumia insulini, na dawa zao zilisimamishwa na wataalamu waliokuwa wakiwafuatilia. Hawakukaa bila kula, walipewa kiasi kilichopimwa. Kama wewe una uzito mkubwa na unataka njia hiyo, mlango wake ni kliniki yako. Sema hivi: “Daktari, nataka kupunguza uzito, dawa zangu tuzipangeje?” Swali hilo ni la halali na una haki ya kujibiwa.

Kifua kikuu: neno lile lile, ushauri kinyume

Mfano mwingine unaonyesha hatari ya kutoa neno maabara na kulipeleka moja kwa moja kwenye sahani ya mgonjwa. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba otofajia ndani ya seli za kinga inaweza kusaidia kuua bakteria wa kifua kikuu. Mtu angeweza kusema, basi mgonjwa wa TB afunge.

Lakini angalia kilichotokea watu halisi walipofuatiliwa. Katika jimbo la Jharkhand nchini India, watafiti walichukua familia za wagonjwa wa TB na kuzigawa makundi mawili. Wagonjwa wote walipewa msaada wa chakula, ila katika kundi moja na watu wanaoishi nao nyumbani walipewa pia. Zaidi ya watu 10,000 wa familia hizo walifuatiliwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba kwenye kaya zilizopewa chakula, maambukizi yaliyogeuka kuwa ugonjwa yalipungua kwa takriban asilimia 39. Kilichowakinga ni mchele, kunde na vitamini za nyongeza.

Kwa hiyo mgonjwa wa TB, anayetakiwa kumeza dawa kila siku kwa miezi, asikubali kuambiwa kwamba njaa itamsaidia. Mwili wake unahitaji chakula kwa kujijenga, na dawa zake zinahitaji kumezwa bila kukatishwa.

Je, hii inapinga saumu ya dini?

Hapana, na swali hili lazima tulijibu kwa adabu, kwa sababu ujumbe wenyewe mara nyingi hutumwa karibu na Ramadhani au Kwaresima. Mwislamu anafunga kwa sababu ni ibada. Mkristo anafunga kwa sababu ni toba na sala. Saumu ilikuwepo karne nyingi kabla ya de Duve kupendekeza neno lake, na haihitaji darubini ili iwe na maana kwa anayeifunga.

Tena dini yenyewe imeweka nafasi kwa mgonjwa. Katika Uislamu mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kutofunga na kulipa baadaye, na asiyeweza kabisa amewekewa fidia. Wataalamu wa kisukari waliokaa na wanazuoni wa Kiislamu wametoa mwongozo wa kumsaidia mgonjwa kujua kama anaweza kufunga kwa usalama. Mwongozo huo unasema mtu aliyefunga afungulie mara moja sukari yake ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6 kwa vipimo vinavyotumika kliniki zetu, au akijisikia vibaya. Kujichoma kidole kupima sukari hakuhesabiwi kuwa kumevunja saumu. Mwenye kisukari anayetaka kufunga afike kliniki wiki kadhaa kabla, ili saa za dawa zipangwe kufuata daku na futari.

Njaa ya kuchagua na njaa ya kukosa

Kuna jambo moja ambalo ule ujumbe haulitaji. Umeandikwa kana kwamba kila anayeusoma ana chakula kingi mezani na tatizo lake ni kukizuia kinywa. Kwa kijiji kinachosubiri mavuno, ambako ghala limebaki debe moja na watu wanakula mara moja kwa siku bila kupenda, maneno hayo yana ladha nyingine kabisa.

Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa Kenya, utafiti kama huo wa mwaka huo huo ulionyesha asilimia 18. Watoto hao hawakosi otofajia. Wanakosa mayai, maziwa, dagaa, maharage na uji wenye kitu ndani yake. Kama njaa peke yake ingekuwa dawa, miezi ya ukame ingekuwa miezi ya afya, na sote tunajua sivyo ilivyo.

Sayansi yenyewe inaionyesha mipaka hiyo. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya anapozaliwa, kitovu kikishakatika, otofajia hupanda ghafla ili kumvusha hadi anyonye. Wale wasioweza kuifanya walikufa ndani ya siku moja. Kwa hiyo ni daraja la kuvuka saa za ukosefu, na ng’ambo ya daraja hilo yule mtoto wa panya anahitaji maziwa. Ndiyo maana mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto anayekua, mzee aliyekonda, na mtu anayepona ugonjwa hawapaswi kufuata mpango wa njaa unaotoka kwenye simu.

Maswali manne kabla ya kusambaza

Litakuja neno jingine kesho. Kabla ya otofajia tulishasikia seli shina, na baada yake litakuja jingine la Kigiriki. Huwezi kuyasomea yote, lakini unaweza kuuliza maswali haya manne.

Kwanza, jambo hili lilionekana kwa nani? Kwa hamira, kwa panya, au kwa watu? Na kama ni watu, walikuwa watu wa hali kama yangu?

Pili, ujumbe unaniambia niache nini? Ujumbe unaokuambia uache dawa uliyoandikiwa, usiufuate hata siku moja kabla hujamwuliza mtu wa afya anayekujua.

Tatu, nani anapata pesa nikiamini? Mwishoni mwa ujumbe kukiwa na namba ya kuagiza kopo au pakiti, uliza kama bidhaa hiyo imesajiliwa. Kwa Tanzania dawa husajiliwa na TMDA, na waganga wa asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Nne, anayedai kuwa kitu kimoja kinaponya magonjwa manne yasiyofanana, anaelezaje? Saratani, kisukari, presha na vidonda vya tumbo havina chanzo kimoja. Kwa mwenye vidonda, kukaa na tumbo tupu kunaweza hata kumwongezea maumivu.

Ukikutana na ujumbe huu kwenye kundi la familia, huna haja ya kumgombeza aliyeutuma. Pengine ni shangazi anayekutakia mema. Mwandikie kwa heshima kwamba Mjapani ni wa kweli ila alichunguza hamira, kisha muulize kama kuna mtu humo kwenye kundi anayetumia dawa za sukari. Mara nyingi yupo, na mara nyingi amekwisha kuusoma. Mpigie yeye kwanza, umwulize kama leo amekula na kama amemeza dawa zake.